Mti Ulioanguka: Jinsi ya Kuukata Kuni Pasipo Kuumia

Maneno ya moniteri wa kilimo, aliyoyasema barzani kwa watu wa vijiji vya Salamabila

Leo sikuja kusema habari ya mpunga wala ya muhogo. Nimekuja kwa sababu ya ule mti mkubwa ulioanguka juzi usiku kule bondeni, karibu na mashimo ya dhahabu. Nimesikia ya kuwa watu wamekwisha kunoa mashoka, na akina mama wamekwisha kugawana matawi kwa macho kabla ya kuyakata. Ni vema, kuni ni mali. Lakini mniazime masikio yenu kidogo kabla hamjaenda.

Najua kwamba wengi wenu mlishika shoka kabla mimi sijazaliwa. Mtoto hamfundishi baba yake kukata mti. Lakini kukata mti uliosimama ni kazi moja, na kukata mti uliolala ni kazi nyingine. Mti uliosimama mnautazama kwa hofu. Kila mtu anajua kwamba utaanguka. Mti uliolala mnauona kama mzoga. Mnapanda juu yake, watoto wanacheza katika matawi yake, kila mtu anakata mahali alipofika. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Tazameni kinywa changu. Meno haya 2 ya mbele hayapo. Wengine wamesema niliyapoteza katika mpira wa mguu, nami sikukana, maana niliona haya. Leo nitawaambia kweli. Nilikuwa nimetoka shuleni, najiona mwenye akili, nikaenda kukata kuni katika mti ulioangushwa na upepo. Chini ya mti ule palikuwa na mti mdogo, unene wake kama mkono wangu, umepindwa na shina kubwa mpaka ncha yake imegusa chini. Ulinizuia njia. Nikaupiga panga moja tu, juu ya mgongo wake, pale ulipojikunja zaidi. Sikuuona ukiinuka. Niliona damu tu juu ya shati. Kama ningalisimama karibu zaidi kwa hatua moja, nisingalikuwa hapa kuwasumbua kwa maneno.

Sasa tazameni kijiti hiki kibichi. Nakipinda juu ya goti langu. Upande wa juu, ule wa mgongo, umevutwa. Maganda yake yanataka kupasuka. Upande wa chini, ule wa tumbo, umebanwa. Maganda yake yamekunjamana. Nikikata mgongo kwa kisu, je, mwaona? Kimeruka. Huyu mtoto amecheka, lakini kama kingekuwa unene wa paja asingalicheka. Nachukua kingine, nakipinda vile vile, lakini sasa nakwangua tumbo lake kidogo kidogo. Mwaona kinalegea polepole, kinajikunja, nguvu yake inakwisha, wala hakiruki. Siri ya kazi yote ya mti uliolala ni hiyo. Mgongo umevutwa, tumbo limebanwa. Anza tumboni, kidogo, maliza mgongoni.

Miti midogo iliyopindwa chini ya mti mkubwa, msiipige kwa panga kama nilivyofanya mimi. Simama kando, pasipo uso wako kuwa juu yake, ukwangue tumbo lake mpaka ulegee wenyewe. Kazi hii inataka uvumilivu, na vijana hawaupendi uvumilivu, lakini inakwisha upesi kuliko kwenda hospitali.

Na shina kubwa lina tabia ile ile, ila nguvu yake hamwezi kuiona kwa macho. Pimeni: kipande cha shina chenye upana wa sentimeta 60 na urefu wa meta 5, kikiwa kibichi, uzito wake hupita kilo 1.000. Hayo ni magunia 10 ya mpunga yaliyofungwa pamoja, yanayoweza kubingirika. Hakuna mtu awezaye kuyazuia kwa bega.

Basi, kabla ya kupiga shoka la kwanza, zungukeni mti wote, toka mizizi mpaka kilele, mkiuliza swali moja: shina hili limelalia wapi? Kama limelalia pande 2, yaani huku limeshikwa na kichuguu na kule limeshikwa na matawi, na katikati pana nafasi tupu, basi ni kama daraja. Tumbo lake liko juu, mgongo uko chini. Mkikata kwa msumeno toka juu tu, mfereji utajifunga, utauma msumeno, nanyi mtauacha msumeno pale mkitukanana. Kateni toka juu sehemu ya tatu ya unene, mtie kabari, kisha malizieni toka chini kwenda juu. Kama shina limelalia upande mmoja tu, na ncha yake yaning'inia hewani, basi mambo yamegeuka: mgongo uko juu. Kateni kwanza toka chini sehemu ya tatu, kisha malizieni toka juu. Mtu akianza juu, shina litapasuka kwa urefu kabla hajamaliza, na kipande kitaruka mbele ya kifua chake.

Wenye shoka tu wataniuliza, nitapigaje shoka toka chini kwenda juu? Hupigi. Mwenye shoka atachimba mfereji mpana upande ule uliobanwa, mpana kama unene wa shina lenyewe, kisha ataendelea kwa upande, polepole, akisikiliza. Mti husema. Ukisikia unalia, rudi nyuma, ungoje. Usipige tena upesi kwa sababu watu wanakutazama. Na kama shina limejipinda kwa upande kama upinde wa mshale, simama ndani ya upinde, upande wa tumbo, wala usisimame nje. Likikatika hurukia nje.

Sasa nitasema neno zito, nalo ni la mizizi. Nawaomba akina mama wasikilize zaidi hapa, maana ni habari ya watoto.

Mti ukiangushwa na upepo, mizizi huinuka pamoja na udongo, ikasimama kama ukuta, na nyuma yake hubaki shimo. Shimo lile ni zuri kwa mchezo. Lina kivuli, lina udongo laini, baada ya mvua lina maji. Tena ninyi watu wa huku mwajua neno lingine: udongo ulioinuliwa na mizizi huenda una dhahabu. Vijana hushuka upesi na beseni zao kuuosha. Basi kuna watu wamekaa nyuma ya ukuta wa mizizi, na mbele ya ukuta kuna mtu anakata shina. Uzito wa shina ndio uliokuwa ukiushika ukuta ule usirudi. Shina likikatwa, ukuta unarudi mahali pake, kama mlango unaofungwa na upepo.

Nilipokuwa mtoto wa miaka 10 hivi, mwembe mkubwa ulianguka karibu na nyumba ya nyanya yangu. Ulikuwa mwembe wa zamani, katika ile miembe ambayo wazee husema ilipandwa wakati wa Waungwana, karne ya 19, njia ya Kasongo na Kabambare. Ndani yake ulikuwa umeoza, umekuwa kama mtungi. Baba mdogo akaja kukata. Mimi na mbwa wetu tulikuwa ndani ya shimo la mizizi; mimi nachimba mizizi midogo ya kuwashia moto, mbwa amelala mahali penye ubaridi. Nyanya akaniita nipeleke maji kwa wakataji. Sikupenda. Akaniita mara ya pili kwa sauti ile ambayo mtoto hawezi kuikataa. Nikatoka. Nilikuwa sijafika jikoni niliposikia mshindo. Nilipogeuka, kisiki kilikuwa kimesimama wima, kama mti ambao haukuanguka kamwe, na shimo halikuwapo. Tulichimba mpaka jioni kumtoa mbwa. Baba mdogo aliketi chini pasipo kusema neno, akashika kichwa changu kwa mikono yake miwili, akakiachilia, akakishika tena. Tangu siku ile hakukata mti tena mwaka mzima.

Kwa hiyo, msikate shina karibu na mizizi kabla hamjafanya mambo haya. Kwanza mtu mmoja asimame penye shimo, mtu mzima, wala kazi yake isiwe nyingine ila kufukuza watoto, mbuzi na waosha dhahabu, naye akae kando, si nyuma wala mbele ya ukuta. Kisha acheni kipande kirefu cha shina pamoja na mizizi, urefu wake usipungue urefu wa ule ukuta wenyewe. Kipande hicho kitazuia ukuta usianguke mbele juu ya mkataji. Maana si kila mara unarudi nyuma, mara nyingine unakuja mbele. Na mkataji asiwe amesimama juu ya shina, ajabu hiyo nimeiona kwa macho yangu, kijana amepanda juu kama amepanda baiskeli. Kisiki kilipoinuka kilimtupa katika mihogo. Yeye alicheka, sisi tulicheka. Lakini angekuwa na shoka mkononi upande mwingine, tungalilia.

Kisiki kikikataa kurudi shimoni, msikiache hivyo. Kitarudi siku nyingine, labda baada ya mvua, wakati hakuna anayekilinda. Kivuteni kwa kamba, watu wakiwa mbali, au kitegemezeni kwa magogo mazito, kisha mjaze shimo.

Mti wetu wa bondeni una ubaya mwingine ambao miti ya mashambani haina. Nimeuendea jana jioni. Haukuanguka kwa upepo peke yake. Wachimbaji walikata mizizi yake upande wa kijito wakifuata mchanga wa dhahabu, mti ukabaki umeshikwa upande mmoja, upepo ukamaliza kazi. Siwalaumu hapa, kila mtu anatafuta chakula cha watoto wake, na wengine wa wachimbaji hao ni wana wenu mliokaa nao hapa. Lakini nasema hivi: chini ya mti ule ardhi ni tupu. Kuna njia za chini zilizochimbwa, nami sijui zinaelekea wapi. Wachimbaji ndio wanaojua. Basi kabla ya kazi, kapita awaite, waoneshe kwa vijiti juu ya ardhi kila njia inapopita. Mahali penye vijiti pasisimame mtu wala pasianguke gogo. Na wote waliomo chini watoke, wahesabiwe, watakaposikia kwamba mti unakatwa. Gogo la kilo 1.000 likianguka juu ya dari la udongo uliolowa, mwajua wenyewe matokeo. Wengi katika barza hii wamezika watu waliofunikwa na udongo.

Tena wachimbaji watataka magogo manyofu ya kuegemeza mashimo yao. Wapeni. Ni heri wapate nguzo kwa mti uliokwisha kuanguka kuliko kuukata mwingine.

Bonde lina mteremko. Mkataji asimame upande wa juu sikuzote, wala asiwepo mtu upande wa chini, hata yule anayeokota vibanzi. Pigeni vigingi vya nguvu upande wa chini kabla ya kukata, ili kipande kisibingirike mpaka kijitoni mahali akina mama wanapochota maji. Anzeni kwa matawi ya kilele, mkiende taratibu kuelekea mizizi. Lakini yale matawi ya chini ambayo yamechoma ardhi na kuushika mti kama miguu ya meza, yaacheni mpaka mwisho. Kijana akiona tawi zuri nene limechoma ardhi, hulipenda kwanza kwa sababu liko karibu. Akilikata, mti wote hugeuka upande wake. Mnapokata matawi ya juu, shina liwe kati ya mguu wako na shoka: wewe upande huu, tawi upande ule. Shoka likikosa, litapiga shina wala si mfupa wa mguu.

Tazameni na juu pia. Mti ule ulipoanguka ulivunja matawi ya jirani zake. Nimeona tawi moja, refu kama nyumba, limening'inia katika mvule ulio karibu, halikushikwa na kitu ila kamba za mwitu. Upepo mdogo utaliangusha. Chini ya tawi lile msikae, msile chakula, msiweke watoto. Mti mwingine umeegemea mwenzake. Huo msiuguse kabisa. Na msikate ule ulioegemewa, mkidhani mtapata miti 2 kwa kazi moja. Watu wengi wenye mazoea wamekufa kwa hesabu hiyo.

Habari ya nyuki na nyoka mnaijua kuliko mimi. Gongeni shina kwa nyuma ya shoka, mngoje, ndipo mwingize mkono katika tundu.

Neno la shoka. Wengi wenu shoka likilegea katika mpini mnalitia ndani ya maji usiku. Asubuhi limekaza, mnafurahi. Lakini maji hulaghai: mpini ukikauka saa 4 ya jua kali, unanywea tena, na chuma kinaruka. Tieni kabari ya mti mgumu katika kichwa cha mpini, na kama mpini umepasuka, tengenezeni mwingine. Shoka butu nalo ni baya kuliko kali, maana halishiki, huteleza juu ya mti. Wakataji 2 wasikaribiane. Nafasi kati yao iwe kama urefu wa miti 2 ya nyumba, mtu akitupa shoka kwa bahati mbaya lisimfikie mwenzake. Wakati wa mvua, pumzikeni. Mpini uliolowa huteleza. Na aliyekunywa lutuku asubuhi, hata tone, apewe kazi ya kubeba vibanzi. Asikasirike.

Wako vijana wanaokodi msumeno wa mota. Kazi yake ni ya haraka, lakini haujui mgongo na tumbo la mti, mwenye kuushika ndiye anayepaswa kujua. Msikate kwa ncha yake, maana ncha ikigusa mti huruka nyuma kuelekea uso na shingo. Wala mtu asiuinue juu kupita bega lake.

Mti wenyewe nadhani ni mvule pia, nimeona maziwa katika jeraha lake. Kama ni hivyo, msipasue shina lote kuwa kuni, ni hasara. Muiteni fundi seremala alitazame. Shina ni mbao za milango na vitanda, matawi ndiyo kuni. Unga wa mvule huwasha ngozi na macho. Fungeni kitambaa puani mnapopasua. Tena mvule mara nyingine una jiwe ndani yake, jiwe kweli, gumu, jeupe, lililoota katikati ya mti. Shoka likilia kwa sauti ya ajabu na kutoa cheche, acheni, pimeni mahali pengine, msivunje chuma bure. Wazee wengine wana maneno yao juu ya jiwe lile. Mimi nasema tu kwamba linaharibu msumeno.

Mti wenye maziwa ambao hamwujui, msiuchome jikoni kabla hamjauliza. Kama mnyaa: maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kulipofusha, na moshi wake si mzuri.

Kuni mbichi ni nusu maji. Mama anayebeba mzigo wa kuni mbichi kutoka bondeni anabeba maji kichwani pasipo mtungi. Kisha jikoni moto wake unatumika kukausha maji kabla ya kuivisha ugali, na nyumba inajaa moshi, watoto wanakohoa. Kateni vipande vyenye urefu wa mkono toka kiwiko mpaka vidole, vipasueni vikiwa vibichi, maana mti mbichi hupasuka vizuri kuliko mkavu, mvipange juu ya miti 2 ili visiguse ardhi, chini ya upenu, upepo upite. Waacheni mpaka kiangazi, mwezi wa 6 na wa 7, vimalize kukauka. Walio na haraka watumie matawi membamba kwanza.

Na msiogope kwamba mtashtakiwa kwa kuni hizi. Sheria ya misitu ya Kongo, ya tarehe 29 Agosti 2002, inawaachia wenyeji haki ya kutumia msitu kwa mahitaji yao ya nyumbani. Kuuza mbao ni habari nyingine. Kwa hiyo kapita na wazee wazungumze kwanza juu ya shina, ili pasiwe na ugomvi baadaye.

Mtu akiumia, msimvute kwa nguvu toka chini ya gogo. Zuieni gogo kwanza kwa vigingi na kabari lisimrudie, kisha inueni kwa miti mirefu. Damu ikitoka sana, gandamizeni jeraha kwa nguo safi, msiiachilie kila mara kutazama. Msitie udongo wala majivu. Mguu uliovunjika ufungeni pamoja na fimbo 2 jinsi ulivyo, msiunyoshe, mkampeleke kwa muganga wa hospitali siku ile ile. Machela iwe tayari penye kazi kabla ya kuanza, msianze kutafuta miti ya machela wakati mtu analia.

Basi, kesho saa 1 asubuhi tukutane kwa kapita, si bondeni. Nataka watu wazima 8, wenye mashoka yaliyokaza. Yule mzee mwenye msumeno wa watu 2, namwomba auleta pamoja na kabari zake, na mafuta kidogo. Wachimbaji waje na vijiti vyao. Kwa shimo la mizizi nataka mama mmoja mwenye sauti ile ninayoijua mimi. Watoto wabaki kijijini mpaka wasikie ngoma.